Iko Napumuzika

Feni ya kompyuta yetu ilikufa wiki ileile treni za Lubumbashi ziliposimama. Kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza kwamba feni nyingine haiji. Hakuna kilichokuwa kikija Kamina miaka ile ya vita isipokuwa askari na wakimbizi, na wakimbizi walikuja kwa miguu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na gare, kituo cha treni. Sista mmoja aliisimamia, mimi nilikuwa fundi na mwandishi wake. Tuliandika majina ya watu waliopotezana katika mbio za vita, ili mama aliyetoka Malemba-Nkulu aweze kujua kama mtoto wake ameonekana Kabongo. Majina yote yalikaa ndani ya kompyuta moja kuukuu. Ndani yake kuna prosesa, kale kapande kadogo kanakofanya hesabu zote, na bila feni kalikuwa kanawaka kama pasi. Dakika ishirini tu, mashine inaganda.

"Papa, weye ulisoma Lubumbashi," Sista akaniambia. "Tengeneza."

Tengeneza! Utadhani ameniomba kushona kifungo cha shati. Nilimjibu kwa hasira kwamba Lubumbashi nilisoma kuandika programu, sikusoma miujiza. Halafu nikaenda kutengeneza, kwa sababu mimi ni mtu wa maneno mengi na kazi nyingine sikuwa nayo.

Muuza redio wa sokoni, Mwislamu wa familia za Maniema, alinipa kidude cha kupimia joto alichokitoa ndani ya redio mbovu. Nilikigandisha juu ya prosesa, nyaya zake nikazichomeka nyuma ya mashine, kwenye tundu lililowekwa kwa ajili ya michezo. Lakini kidude hakisemi kitu peke yake. Lazima kuwe na programu inayosimama katikati, upande huu mfumo mzima wa kompyuta, upande ule chuma. Sisi tuliisoma kwa Kifaransa: pilote. Kazi ngumu yote ni kuamua mfumo utamuuliza pilote nini, na pilote atajibu nini. Niliandika mambo matatu tu kwenye daftari. Joto ni kiasi gani? Punguza mbio. Simama mpaka upoe. Chini yake nikaweka kanuni kwa wino mwekundu: pilote azungumze na mfumo, asizungumze na watu. Pilote anajua joto tu, hajui aliyekaa mbele ya skrini ni nani wala amekuja kutafuta nini.

Ilinichukua wiki nyingi. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, na ndege za askari zilipita juu ya paa mpaka daftari linatikisika mezani. Siku nyingine nilijiuliza ninapoza nini, wakati nchi nzima inaungua. 

Basi ikafanya kazi. Prosesa ikipanda joto, mashine ilisimama dakika moja au mbili, kisha ikaendelea pale ilipoachia. Tatizo likawa Sista. Akiiona imesimama anadhani imekufa, anabonyeza kifungo, na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Mara ya kwanza niliandika yote upya. Mara ya pili nilifoka mpaka akaenda kanisani kuniombea.

"Lakini mashini haisemake kitu!" alijitetea aliporudi. "Minyi nitajua namna gani?"

Hapo nikavunja kanuni yangu. Nikamwongezea pilote mstari mmoja, ili kila anapoisimamisha prosesa aandike mwenyewe kwenye skrini, chini ya maandishi ya mwisho, na maneno yafutike mashine ikiendelea. Ningeweza kuandika Kifaransa. Wapi! Nilikuwa na majivuno. Mashine zote za dunia zinasema lugha za wazungu, nikawaza, yangu itasema Kiswahili cha Kamina. Nikaandika: IKO NAPUMUZIKA, yaani mashine inapumzika. Sista alicheka mpaka akapiga makofi, nami nikajiona mtu mkubwa.

Wakati huo kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kwetu kila Jumatatu. Alitoka upande wa Mulongo. Siku kijiji chao kilipovamiwa, yeye na binti yake wa miaka kumi na tisa waliingia mitumbwi miwili tofauti, na hawakuonana tena. Mtoto mwingine hakuwa naye. Alijua kusoma polepole, kidole kikifuata herufi, kama alivyofundishwa katekisimu. Kila Jumatatu nilimwambia jina la binti halimo, na kila Jumatatu alisema, "Aksanti, papa, nitarudia." Nilikuwa naichukia kazi yangu akitoka mlangoni.

Jumatatu moja ya Oktoba, lile joto la kabla ya mvua, nikaandika tena jina lile. Likatokea! Jina la binti, jina la baba yake, kijiji chao. Mahali alipo palikuwa kwenye disketi nyingine, na mashine ikaanza kuisoma taratibu.

"Mama, tazama! Jina njo hii!" nilipiga kelele.

Nilifurahi mno, nikashindwa kungoja. Nikatoka mbio kumwita Sista aje aone, maana siku za namna ile zilikuwa chache. Mama nilimwacha peke yake mbele ya skrini.

Tuliporudi kiti kilikuwa kitupu. Chini ya jina palikuwa pameandikwa sasa: yuko Kabongo, amepokelewa na familia, mzima. Mlinzi wa mlangoni akatuambia mama ametoka analia, mikono kichwani.

"Ni machozi ya furaha," nilimwambia. "Ameenda kuambia ndugu zake."

Siku ile Sista alipika chai, tukanywa tukicheka.

Kesho yake mama hakuja kuchukua anwani. Siku ya nne nikaenda mwenyewe kwenye mabanda ya wakimbizi nyuma ya gare, nimpelekee karatasi yenye anwani ya Kabongo. Nikakuta majivu ya moto wa matanga, na wanawake wamekaa chini. Jirani yake akaniambia mama amemlilia binti yake siku mbili, na siku ya tatu ameondoka na watu waliokuwa wanarudi mtoni, kwa kuwa hakuna tena wa kumngojea hapa.

"Kumlilia nani? Mutoto iko muzima!" nilisema. "Nani alimwambia amekufa?"

"Alisoma yeye mwenyewe, kwa mashini yenu. Jina ya mutoto, na chini yake: iko napumuzika."

Mashine ilikuwa imesimama kupoa wakati mimi nakimbia kumwita Sista. Katika Kiswahili cha vitabuni mashine inapumzika, mtu anapumzika, na mama angejua anayesemwa ni nani. Kwetu iko ni ya wote: mtu, mbuzi, mashine. Na maneno yale alikwisha kuyasoma kwingine, kwenye misalaba ya makaburi ya misioni: Hapa iko napumuzika, halafu jina. Mama wee! Na mimi nimekulia karibu na makaburi yaleyale.

Nilituma watu wa baiskeli wamfuate. Waligeuzwa na askari njiani. Baada ya mwezi mwanamke mmoja wa kundi lile akarudi, akasema walikutana na wenye bunduki kabla ya kufika mtoni, na yule mama walimzika pembeni ya barabara. Nilifuta mstari wangu siku hiyohiyo. Kuufuta hakukuchukua hata dakika moja.

Mvua zilipokwisha, binti akafika kutoka Kabongo, amebebwa kwenye baiskeli ya mtu, barua tuliyomwandikia mkononi. Sura ilikuwa ya mama yake kabisa. Tulimweleza yaliyompata mama yake, Sista akilia, mimi nikitazama sakafu. 

"Papa," akaniuliza, "nani aliambia mama minyi nimekufa?"

"Mashini," nikajibu. Mungu anisamehe, njo neno lililotoka.

Akaigeukia kompyuta, akaitazama vizuri, kisha akanitazama mimi.

"Na mashini, nani aliifundisha Kiswahili?"