Vidole vya Mbele ya Pazia

Walimwita Askari, ingawa hajawahi kushika rungu. Watu wa kabila lake ni wa kulinda mageti na kupigana. Ndivyo walimwengu walivyokwisha kuamua, na mdomo wa mtu hauna kufuli. Mwanamke, tena wa kabila lile, akushikie simu? Utarudishiwa vipande. Kwa hiyo Askari, fundi wa duka lile la kutengeneza simu, alikaa nyuma ya pazia la kijani, taa ndogo kwenye paji la uso, macho yakimwasha kwa moshi wa kuchomelea.

Mbele ya pazia alikaa Profesa. Yeye alitoka kwa watu wanaosemwa kuwa huzaliwa na mashine kichwani, na hicho ndicho kilikuwa cheti chake. Mteja akija, Profesa humfungulia simu mbele ya macho yake, huguna, husema, "Nimeiona," kisha huipenyeza chini ya pazia. Bosi ndiye aliyepanga hivyo. Alimwambia Askari bila haya kwamba mteja hununua sura kabla ya kununua kazi. Askari alikubali, maana njaa haina baunsa, lakini hakuacha kuomba jambo moja: akae mbele, walau kwa saa moja. Bosi alikuwa akicheka.

Profesa mwenyewe, Askari hakumchukia. Aliona jinsi alivyoishi kwa woga, kama mtu aliyevaa koti la wizi sokoni. Alimfundisha machache, na la kwanza lilikuwa hili: betri iliyovimba usiiguse kwa chuma, nipe kama ilivyo.

Mchana mmoja duka likiwa limejaa, dereva wa lori, pande la mtu, alileta simu iliyotuna mgongo. Mdogo wake wa kike aliinamia meza kutazama. Profesa akasita. Dereva akawaambia wa kwenye foleni kwamba leo Profesa kapewa mtihani, wakacheka wote, na kicheko cha watu husukuma kuliko mkono. Badala ya kuipenyeza simu chini ya pazia, Profesa alichukua bisibisi, akachokonoa.

Askari alisikia mlio kama wa maji katika mafuta ya moto, kisha yowe. Alipochomoka, pazia likichanika begani mwake, moto mweupe ulikuwa ukicheza mezani na msichana ameziba jicho, damu ikimchuruzika kati ya vidole. Askari aliuzima moto kwa ndoo ya mchanga. Dereva alimbeba mdogo wake akakimbia naye hospitali. Bosi alitoroka kwa mlango wa nyuma. Askari alimsihi Profesa naye aondoke, lakini Profesa hakubanduka kitini.

Dereva alirudi na kaka zake, kila mmoja na nondo. Jicho limepotea, alisema. Pigo la kwanza lilishukia kabati la vioo, la pili likashukia meno ya Profesa. Walimburuta, wakaulaza mkono wake wa kulia mezani.

"Mimi si fundi," Profesa alisema, damu ikimwagika kidevuni. "Muulizeni dada. Yeye ndiye hutengeneza. Mimi nakaa tu."

"Anamsingizia mwanamke," kaka mmoja alisema. "Tena mlinzi wa duka."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Askari aliutazama, kisha akauacha.

"Anasema kweli. Fundi wa hapa ni mimi, siku zote ni mimi."

Dereva alimpima kwa macho, mabega hadi miguu. "Kaa pembeni, dada," alisema, karibu kwa upole. "Uongo wa kumwokoa bwana wako hautamrudishia mdogo wangu jicho."

Askari aliirukia nondo. Ilimpata ubavuni, akausikia mfupa ukiitika, akaanguka.

"Si unaona?" kaka akasema. "Hawa ni wa ngumi tu."

Kutoka sakafuni alivisikia vidole vya Profesa vikivunjwa, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Vidole ambavyo havijawahi kutengeneza kitu. Vyake, vilivyotengeneza vyote, vilikuwa vizima, vimeng'ang'ania mguu wa meza. Walipoondoka alilichana pazia lililosalia, akaufunga nalo mkono ule.

Bosi alirudi baada ya vumbi kutua, kitambaa kipya cha pazia kwapani, akiwa na kijana mwenye shati safi, wa kabila la Profesa. Alimkuta Askari amekaa mbele, ubavu umefungwa, meza imeungua. Akamwambia arudi kwake nyuma.

"Mweleze kwanza huyu kijana walichomfanyia aliyekaa hapa," Askari alisema.

Kijana aliitazama damu iliyokauka kwenye mbao. Alitia mikono mifukoni, akaaga, akatoka.

Mteja mmoja akaingia, simu mkononi, akauliza fundi yuko wapi. Askari alinyoosha mkono kuipokea. Mteja alimtazama Bosi, na Bosi, akiwa bado amekumbatia kitambaa chake, akatazama sakafu.