Maji Iko na Dawa

Nilikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, kwenye shimo la kuogeshea ng'ombe, kwenye shamba la mzungu mmoja juu ya Burungu. Shule sikukaa. Ukapita niliupata kwa mikono yangu, na mtu asiniambie kwamba nilibebwa. Ng'ombe waliogelea ndani ya dawa ya kupe, wakatokea ng'ambo wakijikung'uta. Dawa ikichoka, tuliifungulia mfereji ikaingia katika shimo la udongo pembeni. Udongo ukaimeza yote.

"Unaona?" Bwana aliniambia. "Inaisha yenyewe."

Haikuisha. Chini ya shimo lile, kwenye mteremko, ndipo ilipotoka chemchemi yetu. Kwanza vyura walinyamaza. Halafu mke wangu akaanza kutapika, ngozi ya viganja vyake ikawa ngumu kama gome la mti. Mama yake akaja kumuuguza.

Bwana alipeleka maji yapimwe. Jibu liliporudi alitukusanya, akasema kwa Kiswahili chake: "Maji ya chini iko na dawa. Hapana kunywa." Basi. Kesho yake njia ya chemchemi ilijaa wanawake wenye vibuyu, hata wa vilima vya ng'ambo. Ile kitu sisi tuliiita dawa tangu siku ya kwanza, na tuliona kwa macho jinsi ng'ombe waliokonda walivyonenepa.

"Kapita!" mama mmoja alinitupia. "Ng'ombe ya muzungu ipone, siye tubakie na minyoo?"

Kwetu mwanaume hamwangalii mama mkwe usoni, wala hamsemeshi. Akiingia huku, wewe unatokea kule. Kwa hiyo nilimtuma shemeji yangu, mdogo wa mke wangu: "Mwambie mama maji ya chini iko na dawa, asimpe mgonjwa."

Alirudi anacheka. "Mama anasema aksanti. Alishajua. Njo maana anamupa asubui na magaribi."

"Nilisema asimpe!"

"Nilimuambia yote, kaka. Anasema wewe uko muchoyo. Unataka dawa ibakie ya ng'ombe ya bwana wako."

Mchana tulikuwa tunachimba. Bwana alitaka udongo wote uliolowa dawa utolewe, tuubebe kwa vikapu mpaka kwenye shimo jingine lililopakwa sima, saruji ile ya kujengea. Migongo ilituwasha hadi tukalala kifudifudi. Na kadiri tulivyochimba, ndivyo udongo wa chini ulivyotoka umelowa zaidi. Hatukuona mwisho wake.

Kila nilipotoka kazini nilikwenda mto wa mbali kumchotea mke wangu maji. Wanaume walinicheka, "Angalia kapita amekuwa bibi-arusi!" Niliwaacha. Nikaweka mtungi mlangoni, nikaondoka kabla mama mkwe hajatoka. Siku moja nilichelewa kuondoka, nikaona. Maji yangu alikuwa anaoshea sufuria. Ya chemchemi ndiyo alimpa binti yake.

Niliingia ndani. Alijifunika uso kwa kitenge. "Toka! Uko na wazimu?"

"Mama, niangalie. Ile hapana dawa. Ile ni sumu."

Kwetu sumu ina mwenyewe. Sumu ni mtu kumtegea mtu. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kulitaja neno lile, hata mimi.

"Mimi?" Kitenge kilianguka. "Mimi nitegee mutoto wangu sumu?"

Nilimwaga kibuyu chake chini. Alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na mimi nikasimama tu. Kitandani mke wangu akasema, "Mama, acha. Nipe ya kwake."

Alikunywa ya kwangu. Alikunywa mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulifika kabla hatujavuna maharage.

Bwana aliziba chemchemi kwa mawe na sima. Baada ya mvua, maji yalitokea chini zaidi, katikati ya nyasi, safi ya kupendeza. Mama mkwe hakurudi kwao. Alikaa pale kwenye nyasi, na mwanamke akitokea na kibuyu, alimpigia kelele: "Sumu! Sumu!" Walimwita kichaa, lakini waligeuka na vibuyu vitupu.

Nilipopita alinitazama usoni, bila kitenge.

"Inatokea hapa tu?"

"Tunajua hapa tu, Mama."

Akageuka, akaangalia bonde lote lile la chini, na moshi wa nyumba za watu.