Alama Mbili za Hitimisho

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja karibu na Maungu, mkuu wa idara ya Kiswahili alinipa chaki na sentensi ya kuandika ubaoni: "Tulirejea nyumbani tukiwa na furaha isiyo kifani." Hilo, akasema, ndilo hitimisho, yaani aya ya kufunga insha. Wanafunzi wakariri. Mimi nilikuwa mwalimu wa bodi, aliyeajiriwa na shule yenyewe kujaza pengo, na cheti changu ni cha kidato cha nne tu. Nikaandika.

Muhula wa pili nikasahihisha insha ya Wakesho. Ndovu wameingia shambani kwao, mahindi yote chini, mama yake amekalia ndoo. Kisha: tulirejea nyumbani tukiwa na furaha isiyo kifani.

"Furaha gani, Wakesho?"

"Si ndiyo hitimisho, mwalimu? Uliandika wewe."

"Na mlirejea kutoka wapi, na mlikuwa nyumbani?" jirani yake akadakia. Darasa likacheka, Wakesho pia. Mimi nikafuta ubao.

Nikawaambia: hitimisho halileti jambo geni, wala halirudii yote uliyosema. Linaonyesha kilichobaki. Wakesho akaandika upya: "Asubuhi mama alishika jembe, akafukia nyayo za ndovu moja moja, ili wadogo wangu wasiogope kwenda choo." Nilisoma mara tatu. Nililia, sikatai.

Mkuu wa idara akakata alama mbili. "Halina methali, halina furaha. Mwambie arekebishe."

"Harekebishi, mwalimu. Insha imefungwa hiyo."

"We kijana, na hiyo C yako ya kidato cha nne, utanifunza kazi? Ukikataa, muhula ujao usirudi."

Nikachukua kalamu nyekundu palepale mbele yake, nikazirudisha zile alama, nikatia sahihi.

Sikuitwa tena. Basi nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minne, nauza vitabu vya mitumba kando ya barabara, na shule yangu mwenyewe naiota bado. Nyinyi mnaoingia darasani baada yangu mtapewa sentensi za kukaririsha. Zikataeni. Mwulizeni mtoto kilichobaki, halafu mnyamaze aandike.

Jumamosi Wakesho alipita kuazima kamusi. Ameandika insha nyingine, alama zimekatwa tena, ameambiwa aibadilishe.

"Ukabadilisha?"

"Zii, mwalimu. Nimeiandika vilevile, kwa herufi kubwa zaidi."