Picha Zisizo na Mtu

Sikuwa mtu wa kamera mimi. Niliinunua kwa sababu nilichoka kutoka kazini, kula, kulala, kama punda. Naishi huku ughaibuni, Weston, pembezoni mwa jiji, kwenye ghorofa la zamani karibu na mto Humber, basi siku za mapumziko nikawa nashuka kupiga picha. Daraja la mawe. Samaki wakubwa wanaoruka kuyapanda maji. Nikachukua treni hadi mjini nikaupiga mnara mrefu wa huko, ukungu umeufunika kiunoni. Ebwana, ile ilikuwa picha! Na kila mara nilisubiri watu wapite kwanza, asije mtu na mfuko wake wa viazi akaniharibia.

Nikamtumia mama, yuko Lushoto. Kwake simu ya video inakatakata, haifai, lakini picha na sauti vinafika. Nilitegemea sifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeziona. Wewe uko wapi?"

"Nipo nyumbani."

"Kwenye picha, baba. Uko wapi kwenye picha?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hizo ni picha za mandhari, mtu hatakiwi.

"Sasa hiyo ni picha au kalenda?"

Nikatuma nyingine, nzuri zaidi. Kimya. Nikatuma tena. Kimya. Mara shangazi akapiga, anaongea kwa upole wa msibani.

"Mwanangu, tuambie tu ukweli. Umekatwa mguu?"

Lahaula! Mguu gani tena? Kumbe mama halali. Ameshaamua nimepata ajali, au naumwa kiasi cha kutotazamika, ndiyo maana natuma madaraja. Ni kweli, kwetu picha ya ughaibuni ni mtu amesimama wima mbele ya kitu, kichwa hadi viatu, na ukikata miguu watu watauliza iko wapi. Hayo nayajua, nimekulia humo. Lakini sauti yangu si wanaisikia kila wiki, jamani? Nilikasirika, kisha nikaona haya kumkasirikia mama asiyelala, kisha sikujua hata nihisi nini. Mtu unatuma mto, unaulizwa mguu!

Jumamosi nikavaa koti langu zuri, nikashuka mtoni, nikamsimamisha mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa. Nikampa kamera. "Viatu vionekane," nikamsisitizia, mara mbili. Alinitazama kama nina kichaa, lakini alipiga. Nimesimama wima, meno yote nje, na daraja limebaki kidogo tu nyuma ya sikio. Nikatuma.

Mama alipiga papo hapo. Anacheka, analia, anamshukuru Mungu kwa mguu wa kulia, anamshukuru tena kwa wa kushoto. Roho yangu ikatulia.

"Nani amekupiga?" akauliza. "Mpe simu tumsalimie."

"Simjui, mama. Ni mtu tu alikuwa anapita."

"Anapita?"

"Ndiyo."

 Sauti yake ikashuka.

"Miaka yote hiyo uko huko, baba, na wa kukupiga picha ni mtu anayepita?"

Nikafungua mdomo nimtajie mtu, hata mmoja. Aliyenijia ni yule mzee wa mbwa tu, na hata jina sikumwuliza.