Fundo la Kila Asubuhi

Tangu mashine ilipommeza mwenzake mkono, shangazi yangu hakuweza kusikia maji yakichemka bila kushtuka. Sufuria ikianza kunguruma jikoni, yeye anashika kifua. Simu ikiita, anaikodolea macho kama nyoka aliyeingia ndani, mpaka inyamaze yenyewe. Mimi nimelelewa na huyu mama tangu baba yangu afariki, na kabla ya ajali ile sikuwahi kumwona akiogopa kitu zaidi ya mende.

Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, jengo la mabati lililo nyuma ya hospitali. Mashuka yanaingia na madoa ya kila aina, yanatoka meupe yamenyooka. Humo ndani joto linamwivisha mtu. Yeye na mwenzake, mwanamke mcheshi ambaye wote walimwita Kicheko, walisimama mbele ya mashine ya kunyoosha: rola mbili ndefu za moto, zinazovuta shuka bichi upande huu na kulitoa kavu upande wa pili. Mbele ya rola kuna ufito wa chuma. Mkono ukiugusa, mashine inasimama papo hapo. Uliwekwa pale kuokoa mikono ya watu, basi.

Lakini shuka zito la maji nalo huugusa. Mashine ikawa inasimama kila mara, mzigo unarundikana, na msimamizi akachoka kusubiri.

"Huo ufito ufungeni usicheze," alisema. "Hapa hatukuja kupumzika."

Akachana shuka kuukuu, akampa shangazi kipande. Fundo lake likashika kuliko la mtu yeyote, na tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Kila asubuhi, kabla ya shuka la kwanza, anatoa kitambaa kwenye mfuko wa aproni, anaukaza ufito, anapuliza vidole, anaanza. Wenzake wakambatiza Mama Fundo. Wakacheka nalo jina hilo kwa miaka.

Siku ya ajali, Kicheko alikuwa akiiweka sawa kona ya shuka iliyojikunja. Rola zikaishika kona, zikavishika vidole, zikaendelea kuzunguka. Mkono uligonga ufito, na ufito haukusogea. Shangazi ndiye aliyekimbilia swichi ya ukutani.

Haikupita wiki, msimamizi akamwita stoo ya sabuni.

"Funga mlango, mama. Kaa."

"Nitasimama tu, bosi."

"Alhamisi anakuja mkaguzi wa kazi. Atauliza nani alifunga ufito. Utamwambia nini?"

Shangazi akatazama ndoo.

"Sikia, nakusaidia. Sema alifunga Kicheko mwenyewe, kwa uvivu wake. Mkono umeshakwenda, hana cha kupoteza tena."

"Anacho, bosi. Likiwa kosa lake, nani atamtibu?"

"Haya, niseme ukweli basi? Maana lile fundo tunajua wote ni la nani. Mtu ameharibikiwa mkono, mama. Polisi siyo watu wa utani."

Jioni aliponisimulia, nilipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Aliyetoa amri ndiye mwenye kosa! Shangazi, wewe mwambie mkaguzi kila kitu. Sheria iko upande wako!"

"Upande upi, mwanangu? Nikigeuka huku siioni, nikigeuka huku siioni."

"Hawawezi kukufukuza kwa kusema kweli."

"Aa, kumbe. Basi iambie hiyo sheria ije kesho inisindikize, inibebee na kikapu." Alicheka. Akanyoosha mikono yake juu ya meza, ile mikono iliyochubuliwa na sabuni. "Hata uivunje hiyo meza, vidole vilivyofunga ni hivi hapa."

Nilikuwa na hasira tu, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Bosi wa namna ile kamba haigusi. Anakupa wewe uifunge, anakusifu unavyofunga vizuri, na siku ya balaa anakunyooshea kidole.

Alhamisi nilimsindikiza hadi getini. Yaliyotokea ndani alinisimulia baadaye, huku akisimama kila mara kuvuta pumzi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira. Mashine ilikuwa imepigwa msasa ikang'aa, ufito uko huru, na vitambaa vyote vya kufungia vilivyokuwa vikining'inia pale vimekusanywa na kutupwa.

"Kama unavyoona, mheshimiwa, hatujawahi kuuchezea," alisema msimamizi. Akamgeukia shangazi na kumkazia macho. "Mama, washa umwonyeshe. Fanya kama kila siku."

Rola zikaanza kunguruma. Shangazi anasema masikio yaliziba, akasikia yowe la Kicheko upya. Macho ya msimamizi yalikuwa yanamchoma kisogoni. Alitaka jambo moja tu, amalize, aondoke. Basi akafanya kama kila siku. Mkono ukaingia kwenye mfuko wa aproni, ambao hakuna aliyekumbuka kuupekua, ukatoka na kitambaa. Akaukaza ufito. Akapuliza vidole. Alikuwa ameshashika shuka ndipo akagundua kwamba wote wanamtazama mikono.

"Umefanya nini hapo, mama?" aliuliza mkaguzi.

"Mshtuko huo," msimamizi alidakia. "Amechanganyikiwa tangu—"

"Nimemuuliza mama."

Shuka lilimponyoka shangazi. Angeweza kulitaja jina la Kicheko. Lilikuwa mdomoni.

"Nafunga mimi," alisema. "Kila asubuhi. Aliniambia huyu. Mwenzangu hajawahi kuugusa, hata mfuko wa sukari hajui kuufunga."

Mkaguzi alijaribu kulifungua lile fundo, likamshinda. Akalipiga picha kama lilivyo.

Mchana huo tulikwenda wodini. Habari zilikuwa zimeshafika.

"Mama Fundo!" Kicheko aliita, mkono ukiwa umefungwa bendeji mpaka kiwikoni. "Eti umenitangaza kwa serikali kwamba sukari inanishinda?"

"Nimekuficha mengi, shoga. Sikuwaambia unavyopika."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Kisha simu ya shangazi ikaita ndani ya mkoba. Akaitoa, akaniangalia, uso umempauka. Aliyepiga alikuwa msimamizi. Iliita, ikaita. Nilidhani ataiacha inyamaze kama kawaida yake.

Akakishika kitanda cha mwenzake kwa mkono mmoja, akaipokea kwa spika.

"Haloo, bosi." Sauti ilikuwa inatetemeka. "Niko hospitali. Niko na Kicheko hapa. Sema tu, tunakusikia wote."