Betri yangu ilinyweshwa maji ya Mlima Meru, mayai 60 yakabaki kwenye baridi

Saa 4:12 asubuhi, Jumatano ya wiki iliyopita, umeme ulikatika hapa Moshono.

Saa 4:37 inverter ya betri ikalia mara moja, ikazima.

Wakuu, heshima kwenu. Ninachoandika nimekiona kwa macho na kukipima kwa vifaa.

Nina betri moja ya deep cycle, zile za kutoa umeme kwa saa nyingi, ya asidi, 200Ah, ina miaka miwili. Siku hiyo kazi yake ilikuwa kushikilia incubator ya mke wangu yenye mayai 60, zimebaki siku tatu yaanguliwe. Ikiwa imejaa, inaibeba mashine ile mpaka jioni na nusu ya chaji inabaki.

Ilidumu dakika 25.

"Mayai yanapoa, Baba Neema," mke wangu akasema. "Fundi wa kujifundisha, tusaidie."

Nikafungua vifuniko. Maji yamejaa mpaka shingoni. Nikachukua hydrometer, kile kibomba cha kunyonya asidi chenye kielea ndani. Matundu yote sita yakasoma chini kabisa, yaani asidi imekuwa nyepesi kama maji, na betri ilichajiwa usiku kucha.

Hapa nisimame kidogo. Miezi mitatu sikuwa nimeongeza maji. Kila nikikagua, kiwango kiko juu. Nilijisifu humu humu jukwaani kwamba ni matunda ya kuchaji kwa utaratibu. Mliogonga like, samahani.

Baba mkwe, aliyeko kwetu miezi hiyo hiyo mitatu kwa ajili ya kliniki ya macho, akatokea mlangoni.

"Hiyo usiisumbue, naitunza mimi. Kila Jumamosi naiona ina kiu, naipa maji."

"Maji gani, baba?"

"Ya kwetu! Ulidhani nitaipa ya bomba?"

Wenyeji wa Meru mshaelewa. Mzee huletewa dumu la maji ya chemchemi ya kwao kila wiki. Kwake hakuna maji mengine duniani.

Nikamwambia kwa adabu: "Baba, yale maji yana madini. Ndiyo yaliyotupaka kahawia meno yetu, mimi na wewe."

"Na yameng'oka?"

Nikarudisha vifuniko vya betri, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo betri imebatizwa," mke wangu akasema. "Bado mazishi tu."

Mzee hakucheka. Aliyatazama yale mayai, akaenda kwenye dumu lake, akamimina sufuria nzima na kuwasha gesi. Akajaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, kila moja akiipima kwa shavu, akazipanga ndani ya incubator. Thermometer yangu ikasoma 37.6.

Chupa ikipoa, anabadili. Chakula cha mchana alikikataa. Umeme ulirudi karibu saa kumi na moja jioni.

Jumamosi wakatoka vifaranga 54.

"Maji ya kwetu," mzee akasema, kifaranga kiganjani. "Yameua betri moja, yameokoa hamsini na wanne. Na hiyo iandike huko kwenye simu yako."

Nimeandika.

Funzo: betri ya asidi inywe maji ya betri ya dukani tu. Ongeza ikishajaa chaji, maana kiwango hupanda inapochajiwa. Ukijaza mapema, asidi inamwagika na inayobaki inazimuliwa. Usiishushe chaji chini ya nusu. Na kiwango kisiposhuka miezi mitatu, usijipongeze. Uliza nani mwingine yuko nyumbani.

Aliyewahi kufufua betri ya namna hii aseme alifanyaje, mzee naye anasubiri majibu yenu.

Betri mpya 520,000. Toa vifaranga 54 kwa 2,500 kila mmoja. Hasara: shilingi 385,000.