Maneno ya Kung'aa Yaliyokatwa

Ofisini walimwita Bi Kamusi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri maneno ya Kiarabu cha kale kwa ajili ya kamusi iliyoanzishwa na dada yake. Dada alipopoteza macho, mzigo wote ulimwangukia yeye, pamoja na kupika, kufua na kumshika dada mkono kwenda msalani.

Mwaka huo alikwama kwenye maneno ya vitu laini na vinavyong'aa. Waarabu wa kale hawakuwa wavivu wa kuvipa majina: upanga uliosuguliwa ukatakata, sakili; jiwe tupu la utelezi, safwani; deraya ya vitani, laini yenye kumeta, dilasi. Na mengine tele.

"Bi Kamusi, haya yote si 'kung'aa' tu?" mhariri alimwuliza kwa upole. "Karatasi haitoshi. Tupunguze."

"Si kitu kimoja."

"Msomaji atajuaje?"

Jibu alikuwa nalo, ila nguvu za kulitoa hakuwa nazo. Mgongo ulimuuma. "Haya, kata," akasema.

Nyumbani alimkuta dada jikoni, anapapasa vyombo.

"Wamekubali?"

"Wamekata, dada. Imebaki dilasi peke yake."

Dada akaweka sahani chini. "Umeiandikaje?"

"Laini yenye kumeta."

"Ni sawa. Ila mimi siku hizi ninayo hiyo laini tu. Kumeta ushike wewe."

Bi Kamusi akageukia ukutani. Nyuma yake dada akainua kijiko.

"Na hiki si sakili wala dilasi. Kina mafuta! Ulikiosha huku umelala?"

"Karibu na hivyo."

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, kisichofika mbali.

"Nisomee waliyoyakata," dada akasema. "Angalau yasikike mara moja."

Akavuta kiti, akasoma. Kila mara dada alimkatiza: "Herufi hiyo ni swadi, si sini! Kaza ulimi!" Alikaza, akaendelea, jicho moja likijifumba kwa usingizi. Baadaye masahihisho yakakoma. Dada alikuwa amesinzia, kidevu kifuani.

Bi Kamusi hakumwamsha. Alivua viatu, akanyoosha miguu, akakaa hivyo hivyo. Chakula cha jioni walikula kwa kuchelewa, hakuna aliyelalamika, na asubuhi akarudi ofisini kuanza fungu jipya, maneno ya vumbi.